Vilivyofutwa na Jicho

Jumamosi, saa tatu asubuhi, mtunza stoo wa kiwanda cha ngozi alikuwa mezani na kompyuta yake, anafuta chupa ya plastiki kwenye picha ya mdiria. Ndege mwenyewe alikuwa ametoka vizuri, buluu yake imewaka, samaki mdomoni bado anapiga mkia, ila chupa ilikuwa inaelea nyuma yake na kumharibia sura. Mtunza stoo alipitisha brashi ya kufutia mara mbili, akaziba pengo kwa kipande cha maji alichonakili pembeni. Jikoni kitu kikaanguka kwenye karo.

"Chupa," mkewe akasema kutoka kwenye cherehani, bila kuinua kichwa.

"Ndogo?"

"Ya lita moja. Haina kifuniko."

Kazini walimwita Jicho kwa sababu ya kamera. Siku za mapumziko alishinda mtoni akipiga picha za ndege, vipepeo na umande kwenye utando wa buibui, kisha akarudi nyumbani kuzipamba: aongeze ukungu, ageuze majani yawe ya zambarau, aondoe visivyopendeza. Alivyoviondoa havikupotea. Vilihamia kwake. Mambo yalikuwa hivyo tangu aliponunua kompyuta, na nyumba ilikwishazoea. Waya wa umeme alioufuta kwenye picha ya machweo ulikuwa sasa kamba ya kuanikia nguo. Shina kavu liliishia jikoni, likapika maharage wiki mbili. Kibao cha "Usitupe Taka" kilisimama nyuma ya mlango wa choo, na wageni walikitii. Mara moja tu alifuta siafu, yeye na mkewe wakalazimika kuhamia kwa jirani siku tatu. Lakini hakuwahi kufuta kitu kinachoweza kuitikia salamu.

Jumatatu meneja alimwita ofisini. Mezani kulikuwa na picha ya Jicho mwenyewe, ile ya kona ya mto nyuma ya kiwanda, ambayo wenzake walikuwa wakitumiana kwenye simu. Upande wa kushoto lilionekana bomba la kiwanda, linamwaga maji ya rangi ya kutu. Hatua chache kutoka hapo alichutama mama mtu mzima na ndoo, anachota maji ya kumwagilia bustani yake ya mboga. Nyuma yake ilionekana bustani yenyewe na nyumba yake.

"Wakaguzi wa mazingira wanakuja Alhamisi," meneja alisema. "Nataka picha hii kwenye jalada la ripoti. Bomba liondoke. Nasikia ukifuta wewe, kitu kinaondoka kweli."

"Kinakuja kwangu, bosi."

"Nyumba ni ya kiwanda, Jicho. Naijua sebule yake, inatosha. Na mama huyu naye aondoke."

"Huyu ni mtu."

"Bomba halina mdomo. Huyu anao. Ameshaandika barua tatu." Meneja alizungumza kwa upole, kama anayemshauri ndugu. Aliongeza kwamba wanaoweza kuhesabu madumu ya rangi stoo ni wengi, na wengine hawana pa kuishi.

Jicho alipomweleza mkewe, cherehani ilisimama.

"Bomba nitalipitisha kando ya kabati," mkewe alisema. "Mtu tutampitisha wapi?"

Jumanne Jicho alimwambia meneja kompyuta imegoma. Jumatano baada ya chakula cha mchana meneja alimletea kompyuta nyingine, akavuta kiti na kukaa ubavuni kwake, karibu kiasi kwamba Jicho alisikia anavyomeza mate.

Alianza na bomba. Alilifuta polepole kutoka mdomoni kwenda ukutani, akitumaini umeme ungekatika. Haukukatika. Simu ikaita.

"Limefika," mkewe alisema. "Limeingia dirishani. Linamwaga."

"Weka beseni."

"Nimeweka. Limejaa."

"Bado mmoja," meneja alisema.

Jicho akaikuza picha hadi uso wa yule mama ukajaa kioo. Alikuwa anatazama kamera. Aliishusha picha kidogo, akaona mikono iliyoshika ndoo: ngozi ya vidole ilikuwa imechanika kama udongo wa kiangazi. Jasho lilimtoka mpaka kipanya kikawa kinateleza. Meneja alitazama saa yake, akaitazama tena. Jicho akaanza na ndoo. Kisha miguu. Kisha mgongo. Uso aliuacha mwisho, na alipoufikia alifumba macho, akafuta kwa kukisia.

Simu iliita tena. "Kuna mgeni," mkewe alisema, akakata.

Meneja aliihifadhi picha, akachomoa kadi yenye picha ya awali kwenye kamera ya Jicho, akaifungia kwenye droo yake.

Nyumbani alimkuta yule mama ameketi kwenye kiti cha karibu na mlango, ameloa hadi magotini, ndoo kaipakata. Sikio moja lilikuwa limebaki limefifia kidogo, pale brashi ilipopita vibaya. Bomba lilikuwa limekaa kando ya kabati, bado linamwaga, na mke wa Jicho alikuwa anachimba mfereji kutoka mlango wa nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe wa kamera?"

"Ndiye mimi."

"Siku ile uliniambia nisisogee, nimekaa vizuri."

Jicho aliinamisha kichwa.

"Basi nirudishe," mama alisema. "Miche yangu inataka maji."

Alhamisi wakaguzi wawili walisimama kwenye kona ya mto. Wakatazama picha, wakatazama mto, wakatazama picha. Vililingana. Wakaigonga muhuri. Jioni ile Jicho alijaribu kumrudisha mama kwa kumnakili kutoka nakala iliyobaki kwenye simu ya mwenzake, lakini mahali palipogongwa muhuri hapakushika kitu. Kila alipombandika, alidondoka tena kitini, ameudhika zaidi.

Ijumaa mama aliamua kurudi kwa miguu yake. Alirejea kabla ya jua kuzama. Alisema bustani alikuta imekuwa majani matupu. Mkwewe alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Mama alimwita kwa jina mara tatu. Mkwe alitazama pale alipokuwa amesimama, akasema upepo umezidi leo, akafunga mlango.

Mke wa Jicho alimpa kanga kavu na chumba cha nyuma. Wiki haikuisha, mama alikuwa anamtungia uzi kwenye sindano na kumkosoa mishono. Maji ya kutu yalipita sebuleni usiku na mchana, yakafuata mfereji hadi mtaro wa mtaa, na mtaro ukayarudisha mtoni, chini kidogo ya pale yalipokuwa yakiingia zamani. Majirani walijifunza kuruka mfereji. Kiwanda kilipata cheti cha usafi, na Jicho akapewa barua ya pongezi.

Jumatatu iliyofuata meneja alileta picha nyingine, iliyopigwa na mtu mwingine, bila umahiri wowote. Ilikuwa ya upande huo huo wa mto, mbele kidogo: nyumba kumi na moja, na watu wake wamesimama nje. Juu yake kulikuwa na karatasi: *Ijumaa.*

Jicho aliifungua nyumbani kwenye kompyuta, akaikuza nyumba kwa nyumba. Mama alikuja kusimama nyuma yake. Aliwatambua wote. Yule fundi baiskeli, alisema, ana watoto wanne na hukoroma. Yule mzee ana kifua, asiwekwe karibu na bomba. Kisha akainama, akaweka kidole kilichopasuka juu ya kioo, penye mkwewe na mtoto mgongoni, aliyekuwa amekuja siku hiyo kuteka maji kwa jirani.

"Anza na hawa," alisema.

"Mama, wakija hapa hawarudi."

"Najua. Lakini wataniona."

Jicho alimgeukia mkewe. Mkewe alikuwa ameshasimama, anasogeza viti ukutani kimoja kimoja, anakadiria kwa hatua ni mikeka mingapi itaenea sakafuni.