Damu ya Tawhai

Serikali ilikuwa na damu ya mwanangu miaka thelathini, nami mama yake sikujua. Alipozaliwa hospitalini walimchoma kisigino, wakadondosha matone kwenye kadi ili watafute maradhi, wakaniambia mtoto ni mzima. Hakuna aliyesema kwamba kadi ingehifadhiwa ghalani. Nilisikia redioni nikimenya viazi, hasira ikanipanda hadi nikajikata kidole.

Sisi Wamaori hatumziki mtu nusunusu. Kondo la nyuma la mwanangu Tawhai tulilirudisha ardhini kwa wazazi wangu, na mwili wake ukaenda makaburini alipokufa usingizini, kabla hajafikisha miezi miwili. Kumbe matone mengine yalikuwa mjini, kwenye kabati la watu nisiowajua! Niliomba nirudishiwe niyazike, wakakubali.

Sikumwambia mtu. Nimwambie nani? Tawhai alikuwa akilala nami kitandani, na siku ya msiba mama mkwe alisema mbele ya watu wote, "Umemlalia." Hohepa, mume wangu, hakunitetea, aliondoka, akaoa kwingine. Tangu hapo kwenye shughuli mimi ni wa jikoni, kukaanga mikate na kusugua masufuria, na wenzangu huniachia nafasi pana mno kwenye benchi. Mimi husema nimezoea. Sijazoea.

Kabla kadi haijafika, nikasikia mlango unagongwa. Alikuwa Ngaio, binti wa Hohepa kwa yule mke wa pili.

"Umepotea njia?" nikamwuliza. "Kwa baba yako si huku."

"Sijapotea, Mama Mereana. Binti yangu Manaia kazimia bwawani shuleni. Moyo wake unaruka mapigo."

"Pole. Sasa mimi daktari?"

"Wamepima damu yake wakakuta kasoro ya kurithi, ila hawajui kama ndiyo yenyewe inayoua au haina neno. Wakaniuliza kama kuna mtoto wa ukoo wetu aliyewahi kufa ghafla."

"Ndipo mkanikumbuka. Asanteni sana."

Aliinamisha kichwa. "Kadi ya Tawhai ipo. Wakiikuta kasoro ileile kwake, watajua. Bila ruhusa yako hawaigusi."

"Baba yako je? Hana damu?"

"Kakataa. Anasema serikali haitampekua damu yake."

"Ila ya mwanangu ipekuliwe! Na matone yatabaki?"

"Huenda yakaisha yote, Mama."

"Miaka yote hii mmenitafuna, leo mnataka hata matone? Nenda zako." Nikamfungia mlango.

Nilikaa jikoni peke yangu, chai ikapoa. Ukweli ni kwamba sikuwa nikiiogopa serikali. Niliogopa jibu. Wasipokuta kitu, basi mama mkwe alisema kweli, nami nitaishi na hilo bila hata shaka ya kujifunika nayo. Lakini kila nikijaribu kumchukia Manaia nilishindwa, maana mtoto yule hajawahi kunitamkia neno baya. Asubuhi nikampigia Ngaio simu.

"Waambie wapime," nikasema, nikakata kabla hajaanza kushukuru.

Majibu aliyaleta mwenyewe. Alisimama mlangoni. "Ni ileile. Manaia ameshaanza dawa. Ulikuwa moyo wa Tawhai, Mama. Hukumlalia."

Maneno ya kumjibu mama mkwe nilikuwa nayo tayari tangu ujana wangu, na yeye alishazikwa zamani. Sikuwa na wa kumwambia.

"Baba yako anajua?"

"Yuko garini. Anaona haya kushuka."

"Basi akae hukohuko."

Ngaio akanipa kadi. Ilikuwa imetobolewa palipokuwa na matone, nyeupe tupu, hakuna damu hata kidogo. Nilimwambia nitaizika hivyohivyo, akasema atanisaidia kuchimba nikipenda. Nilidhani sasa ataaga. Hakuaga.

"Mama," akasema, "alikuwa mtoto wa namna gani?"

Watu wote walikuwa wameniuliza alivyokufa. Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza, hata baba yake.

"Ukimtoa nje kwenye jua," nikasema, "alikuwa anapiga chafya. Kila mara. Halafu anashangaa, kana kwamba kuna mtu mwingine aliyepiga."

Ngaio akacheka. Nikampisha mlangoni aingie, nikaendelea kusimulia.