Kwa Aliyenipa Ng'ombe

Muhire aliuma kola ya koti lake ili asisikike. Choo kilikuwa chini ya mteremko, nyuma ya zizi, kimezungushiwa turubai la zamani la kambini, na ukungu wa asubuhi uliingia humo bila hodi. Alichutama, mkono mmoja umeshika nguzo, akangoja kile alichokuwa akikiogopa tangu jana. Kilipokuja, kilikuja na wembe wake. Machozi yakamtoka, mtu mzima mwenye mabinti walioolewa. Alijifuta kwa jani, akaliangalia, likawa jekundu, akalitupa shimoni.

Nyumbani mkewe Kampire alikuwa ameshaweka beseni la maji ya vuguvugu nyuma ya pazia. Alipomwona mumewe ameingia, alichukua chombo cha maziwa akaenda kukamua. Kwa desturi yao mwanamke hakamui ng'ombe wakati mume yupo nyumbani, mzima. Lakini kukamua ni kuchutama, na kuchutama kulikuwa kumemshinda Muhire tangu mwaka jana. Majirani waliona. Wakawa wanageuza nyuso wanapopita zizini, na huruma hiyo ilimuumiza Muhire kuliko kama wangemcheka.

Ugonjwa huu aliuokota kambini. Walipokimbia risasi wakaenda kulala chini ya maturubai, walikula mahindi makavu ya msaada na maharage yasiyoiva, na maji ya kunywa yalikuwa ya kugombania. Tumbo likafunga. Siku moja likafunguka kwa nguvu, likamchana. Waliporudi kwao Muheto, wengine walirudi na magodoro na masufuria. Muhire alirudi na kidonda. Akaanza kula kidogo, halafu kidogo zaidi, kwa sababu kila tonge aliloingiza alijua litadai njia ya kutokea. Suruali zikaanza kumpwaya.

Mwishowe alikwenda hospitali, akamkuta Dokta Isidore, mpasuaji aliyetoka Goma kuja kusaidia kwa muda mfupi. Dokta alimpima, akanawa mikono, akazungumza naye taratibu.

"Papa, ile kidonda imekuwa ya zamani. Ule musuli unafungaka mulango ya nyuma unakaza sana. Damu haifike, njo maana kidonda haipone."

"Munipasue basi, Dokta."

"Upite wapi? Angalia bale bantu mu koridoo." Huko nje majeruhi wa risasi walilala chini, miguu kwa vichwa. "Blok ya kupasulia iko yao. Wewe kidonda yako haiko ya risasi, utangojea mpaka vita iishe. Lakini kuko sindano. Hatukate kitu. Napiga sindano pembeni ya kidonda, ule musuli unalala miezi mitatu, kidonda inapata nafasi ya kupona. Ni dakika kidogo tu, na unarudi kwako."

"Ni dawa gani iyo?"

Dokta akasita. "Kusema kweli, iko sumu. Sumu kidogo sana, ya kulalisha musuli. Usiogope jina."

Muhire aliogopa jina. Katika milima ile neno sumu halitupwi ovyo. Kuna watu waliochomewa nyumba kwa sababu ya neno hilo, na wengine waliokuwa ndani ya nyumba hizo. Lakini maumivu hayana adabu. Alikubali.

Dawa yenyewe hospitali haikuwa nayo. Mgonjwa hujiletea dawa yake, na sindano yake, na glavu za daktari atakayemtibu. Ndivyo ilivyo, na hakuna tena anayeshangaa. Muhire aliuza Bihogo, ng'ombe aliyependwa na nyumba nzima, na Mama Kaswera, mwanamke wa Butembo mwenye duka la dawa Sake, akaiagiza kutoka Goma, akaitunza katika frigo yake pamoja na Fanta.

"Iletwe na baridi," Dokta alikuwa amesema. "Ikipata joto, inakufa. Na mimi Ijumaa midi, saa sita, narudia Goma. Kisha hapo sijue."

Ijumaa asubuhi Muhire alitoka Sake kwenda hospitali mgongoni mwa pikipiki ya Archange, kakichupa kake kamezikwa ndani ya thermos iliyojaa vipande vya barafu. Alikalia blanketi lililokunjwa, upande mmoja wa tako, na kila jiwe la barabara lilimkumbusha kwa nini anasafiri. Archange alikuwa dereva mwenye huruma. Alikwepa mashimo aliyoweza kukwepa, na kwa yale mengine akawa anasema, "Pole, Papa." Pole zilikuwa nyingi. Hata hivyo Muhire alikuwa na furaha, ile ya mtu anayehesabu kwamba leo, leo hii, mambo yatakwisha.

Kwenye mikaratusi wakakuta kamba ya askari imekatiza barabara. Barriere hiyo ilikuwa imebadilisha mabwana mara nyingi. Magwanda yalikuja mengine, lugha za matusi zikaja nyingine, kamba ikabaki kamba. Wamama wenye mizigo ya viazi walisimama kwenye foleni pamoja na wauza makaa. Askari mmoja kijana akaja kwa Muhire, akagonga thermos kwa kidole.

"Ndani kuko nini?"

"Barafu, Afande."

"Mu baridi hii yetu unabeba barafu?" Foleni nzima ikacheka. Askari akafungua, akaingiza vidole, akatoa kakichupa. "Na hii?"

"Dawa."

"Dawa ya nini? Ya nani?"

Foleni ilinyamaza ili isikie vizuri. Muhire alimwangalia askari, akawaangalia wale wamama. Ukweli ulikuwa mfupi, ungesemwa kwa maneno mawili. Lakini alijua mwanamume anayevuja damu huko nyuma anadhaniwa nini. Katika vita hivi wenye bunduki hawakuwatendea unyama wanawake peke yao, na waliotendewa, wanaume, hawajasema mpaka leo. Angesema, kesho habari ingekuwa imefika Muheto kabla yake, na hakuna ambaye angetaka kusikia habari za mahindi makavu. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Iko chanjo ya ngombe," akasema.

Jibu lilijileta lenyewe. Pande zile binadamu mgonjwa hubebwa mgongoni, au kwa machela ya miti. Kinachosafirishwa kwa barafu na uangalifu namna hii ni chanjo ya ng'ombe. Mtu yeyote wa Masisi angejibu hivyo.

"Apa," askari akamtaka kiapo.

"Yampaye inka Gasana."

Ni kiapo cha wafugaji: kwa Gasana aliyenipa ng'ombe. Gasana, Mungu amrehemu, ndiye aliyempa Muhire mtamba baada ya vita vya zamani kula zizi lake lote, na jina la aliyekupa ng'ombe hulitaji kwa uongo. Muhire alilitaja. Mdomo ukabaki na uchungu wa majani ya mkaratusi.

Askari naye alikuwa mtoto wa wafugaji. Uso ukamlainika. Alisogea pembeni akazungumza kwenye redio, akarudi anatabasamu.

"Papa, uko na bahati. Afande mukubwa anataka kukuona."

Kila anayeishika barabara ile huishia kushika na ng'ombe. Wenye ng'ombe wenyewe wanakuwa wamekimbia. Afande huyu alikuwa na shamba juu tu ya barriere, lenye nyasi nzuri na uzio ambao hakuujenga yeye. Alikuwa mtu wa kupendeza, mnene kiasi, amevaa buti za mpira, na alimsalimia Muhire kwa mikono miwili.

"Papa, Mungu njo amekutuma. Minasikia ugonjwa ya kwato iko inakuja kutoka Walikale. Niko na mutamba moja, ukimuona utalia. Tumuchanje yeye kwanza."

"Afande," Muhire akasema, "hii dawa iko ya muntu."

"Ndiyo, najua iko ya muntu," Afande akacheka. "Kila kitu iko ya muntu. Ule muntu atangojea."

"Haiko vile, Afande. Minasema iko ya..."

"Iko na ngombe ngapi, ule muntu? Iko anachunga barabara usiku ili mulale?"

Walinzi wawili walisimama nyuma yake. Muhire aliutafuta ukweli mahali alipouacha pale kwenye kamba, akauona umeshabadilika. Sasa ulikuwa hivi: mtu ameapa uongo kwa jina la aliyempa ng'ombe, mtu huyo ana chupa, ndani ya chupa mna sumu, dokta mwenyewe amesema, na chupa amekutwa nayo hatua chache kutoka kwa ng'ombe wa Afande. Nani angengoja kuelezwa habari za misuli? Wangemmaliza pale pale, na Kampire angepewa sababu ya kifo iliyo safi kabisa.

"Chupa iko ya ngombe moja tu, Afande," akasema.

"Basi, ule muzuri."

Mtamba aliletwa. Kweli alikuwa mzuri, mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji, na Muhire, mfugaji hata katika taabu yake, hakuweza kutomtazama. Alitoa mfukoni kichupa cha maji ya chumvi ya kuchanganyia dawa, akayavuta kwa sindano aliyoinunulia mwili wake mwenyewe, akayaingiza ndani ya kakichupa, akakazungusha polepole kwa vidole kama alivyoona wauguzi wakifanya. Akavuta tena. Mikono ilijua kazi. Walinzi wakamshika mtamba pembe, Muhire akabana ngozi ya shingo, akachoma, akasukuma mpaka mwisho.

Mtamba alicheua. Hakujua amepewa nini.

"Una mukono muzuri," Afande akasema. "Inakaa mu mwili miezi ngapi?"

"Mitatu."

"Vizuri. Utarudi na ya zingine, nitakutuma muntu." Kisha akamgeukia mlinzi. "Kumbe dawa zinapitaka hapo chini kila siku, sisi tunalala! Waambie ku barriere na redio: toka leo, glasiere yoyote, thermos yoyote, chochote chenye baridi, isipite kama sijaangalia."

Ilikuwa ni saa za jua sasa. Ukungu ulikuwa umepanda, na mlima wote ukang'aa kijani. Muhire alishuka kwa kutanua miguu kidogo, taratibu, na mlinzi akidhani ni heshima ya mzee akapunguza mwendo naye.

Kwenye kamba palikuwa na kelele. Muuguzi mmoja wa kituo cha afya, Noëlla, kijana mwenye blauzi nyeupe, alikuwa amekumbatia sanduku la buluu la baridi, na askari yule yule alikuwa akilivuta.

"Iko chanjo ya watoto!" Noëlla alikuwa anasema. "Kaka, ya surua, ya watoto wachanga. Ukifungua inaharibika. Nimetembea na mguu toka asubuhi."

"Bote banasemaka vile. Ordre ni ordre, Afande amesema." Askari akamwona Muhire. "Ah, veterinaire, dokta ya ngombe! Kuya uangalie. Iko ya ngombe?"

Kifuniko kilikuwa kimeshafunguliwa. Vichupa vilijipanga kati ya vifuko vya barafu, vidogo, vyenye maandishi ya Kifaransa. Muhire akainama, maumivu yakamchoma mpaka kiunoni.

"Iko ya watoto," akasema. "Funika. Ikipata joto inakufa."

"Unajua kweli?"

"Yampaye inka. Ya watoto. Funika, mwanangu, nakuomba."

Askari akatazama sanduku, akatazama njia ya kwenda shambani. Alimwamini, ilionekana wazi kwamba alimwamini.

"Afande amesema lazima aangalie yeye mwenyewe," akajibu kwa unyonge. "Nikifunika atauliza nani amefunika. Iko anakula sasa. Akimaliza ataangalia."

Akaliweka sanduku juu ya mfuko wa mchanga, wazi vile vile, juani. Noëlla akamgeukia Muhire.

"Papa, wewe uko veterinaire ya wapi? Sijakuonaka."

Askari alikuwa anasikiliza. Na foleni ilikuwa inasikiliza.

"Ya Muheto," Muhire akasema.

Kamba ikashushwa kwa ajili yake. Hakuombwa kitu, askari alimpigia hata saluti, nusu mzaha na nusu kweli. Archange akawasha pikipiki.

"Tunaenda hospitali, Papa, ao tunarudi? Midi imepita."

"Twende tu mbele."

Archange alikuwa ameiona thermos ikining'inia tupu mkononi mwa Muhire, na hilo lilitosha. Muhire alipanda, akakalia upande wake mmoja, akatazama mbele. Njaa ilikuwa inamkwangua, na aliichukia njaa hiyo, kwa sababu jioni angelazimika kuilisha na asubuhi angelazimika kulipa.

Baada ya kona ya pili, kando ya barabara, mbele ya kibanda cha mbao cha kituo cha afya, wamama walikuwa wameketi kwenye nyasi na watoto wao. Walikuwa wengi. Wengine walikuwa wametoka mbali, ilionekana kwa matope ya miguuni. Mmoja akasimama, mtoto amemlalia begani, akanyoosha mkono, na Archange akafunga breki.

"Papa, munatoka kule chini," mama akasema. "Infirmiere wetu hamukumuona? Wa sanduku ya buluu?"

Archange alizima injini, akageuza kichwa, akamtazama Muhire. Wamama wote wakamtazama.

"Anakuja," Muhire akasema.

"Mungu awabariki," mama akajibu, akarudi kuketi, akamfunika mtoto vizuri ili jua lisimpate.