Gunia la Zizini

Kama husuda ingekuwa homa, Edmund angelala kitandani tangu siku ile ya mwaka 1955 Yunusu aliposhuka kwenye lori na sanduku lake la bati. Lakini haikuwa homa, kwa hiyo Edmund aliendelea kwenda kazini kila asubuhi kwenye shamba la majaribio nje ya mji wa Mbeya, akasalimia watu, akacheka na wanaocheka, na ndani kwa ndani akaungua.

Yunusu alikuwa na kosa gani? Hakuna. Alikuwa mtoto wa wenye duka wa Mbeya mjini, amesoma mpaka Makerere, anavaa shati jeupe hata siku ya kupalilia na jioni bado ni jeupe. Edmund alikuwa bwana shamba miaka mingi kabla yake, ameyajua matope ya shamba lile kwa nyayo zake, na sasa Meneja, Mzungu mmoja mpole wa miwani minene, kila akitaka ushauri aliita, "Yunusu!" Lililomkata maini zaidi ni nyumbani. Yunusu akipita mbele ya nyumba alimwamkia Severina, mke wa Edmund, kwa ile lugha yake iliyonyooka: "Shemeji, umeamkaje? Watoto hawajambo?" Naye Severina, mwanamke asiyecheka ovyo, alikuwa akicheka.

"Huyu kaka anajua kuongea," alisema siku moja akimenya viazi.

"Kuongea si kulima," Edmund alimjibu, na hakugusa chakula.

Msimu ule palikuwa na jambo la kugombea. Serikali ilikuwa inafungua shamba jipya karibu na Ilula, upande wa Iringa, na Ilula ndiko kwao Edmund. Mama yake alikuwa kule peke yake, macho yameanza kuingia ukungu. Edmund aliitaka kazi ile ya kusimamia shamba mpaka akaiota. Meneja alisema zitajaribiwa mbegu tatu za mahindi: nyekundu ambayo Edmund aliileta kutoka kwa mama yake, nyeupe aliyoichagua Yunusu, na ile ya njano ya siku zote pale shambani. Itakayoshinda ndiyo itakayopandwa Ilula, na mwenye mbegu ndiye atakayekwenda nayo.

Kila mbegu ilipewa vitalu vitano kwa kura. Kura ikampendelea Edmund. Kitalu chake kimoja kiliangukia mahali palipokuwa zizi la ng'ombe zamani, na mahindi yakaota pale kama yamesukumwa kutoka chini. Yunusu naye kura ilimtupia kitalu kimoja bondeni, maji yakasimama, mabua yakapauka. Edmund alipita pale kila siku kuyatazama yale mabua, akayaonea huruma kwa mdomo.

Baada ya kuvuna na kupukuchua, mazao ya kila kitalu yaliwekwa kwenye gunia lake. Gunia la zizini lilivimba, likasimama peke yake ghalani kama mama mkwe kwenye harusi. Edmund alilipigapiga mgongoni. Alijua ukichukuliwa wastani wa magunia yake, hakuna wa kumfikia.

Ndipo Yunusu alipofungua mdomo.

"Bwana Meneja, tukitumia wastani, gunia hili moja litayabeba mengine yote," alisema. "Kuna njia mpya wameitoa Wamarekani juzijuzi. Tusitazame uzito wenyewe, tutazame nafasi. Tupime magunia yote, halafu tuyapange mstari mmoja bila kujali ni ya mbegu gani, kutoka jepesi mpaka zito. Jepesi kabisa tuliandike moja, linalofuata mbili, hivyo hivyo mpaka kumi na tano. Kisha kila mbegu irudishiwe namba zake, tujumlishe. Kama mbegu zote ni sawa, namba zitakuwa zimetawanyika, na jumla hazitaachana sana. Kama ipo iliyo bora, itakuwa imezoa namba kubwa. Halafu kuna hesabu ya mwisho, inayotuambia kama tofauti ni ya kweli au ni bahati tu."

Meneja alifurahi kama mtoto aliyepewa muwa. Edmund alikuwa amesimama pale pale, lakini usidhani alisikiliza. Alikuwa anatazama lile shati. Katika maneno yote aliokota moja tu, kwamba Yunusu analisema vibaya gunia lake. "Ameliona, limemuuma," aliwaza. "Sasa analitafutia dawa."

Ijumaa adhuhuri Yunusu alikwenda msikitini mjini, Meneja akaenda kula, na ghala likabaki na Edmund. Magunia yalikuwa hayajapimwa wala kushonwa. Alisimama mlangoni, akatazama nje, akarudi. Akachota debe zima kwenye gunia la Yunusu la bondeni, lile dogo kuliko yote, akaenda kulimimina kwenye gunia la zizini. Punje nyeupe zilitapakaa juu ya nyekundu. Akazisukuma chini kwa mkono mpaka kiwiko, akazifukia katikati, akafunika kwa nyekundu, akashona midomo ya magunia yote kwa sindano na katani. Yatapimwa tu, alijiambia, nani atayafungua?

Jumamosi walipima na kupanga. Yunusu alikwenda na chaki akiandika namba juu ya kila gunia. La bondeni likapata moja, la zizini likapata kumi na tano. Namba zilipojumlishwa, ya njano ilipata thelathini na tano, nyekundu ya Edmund arobaini na mbili, na nyeupe ya Yunusu arobaini na tatu.

Kwa tofauti ya namba moja! Edmund aliona ghala zima linazunguka.

Yunusu hakusherehekea. Aliinama juu ya meza, akafanya hesabu yake ya mwisho, akafungua kitabu, akatikisa kichwa. "Bwana Meneja, jibu letu halikufika hata moja. Kitabu kinataka karibu sita. Hizi mbegu hatuwezi kusema zinatofautiana. Namba moja hii si ushindi wangu, ni upepo tu."

"Basi nani aende Ilula?" aliuliza Meneja.

"Mpeleke Edmund," Yunusu alisema. "Ni kwao, anaijua ardhi ya kule. Na mama yake anamhitaji."

Meneja alikubali papo hapo. Edmund alishukuru. Unajua ni vigumu namna gani kumchukia mtu aliyekupa unachokitaka? Yeye aliweza. Njia nzima ya kurudi nyumbani alinung'unika kwamba Yunusu amempa kazi ile kama anayemtupia mtu shilingi.

Magunia yaligawiwa wafanyakazi kwa chakula. Edmund aliwahi la zizini kabla mkono mwingine haujalishika, akalipeleka nyumbani, akiwa na nia ya kulipeleka lote mashineni Jumatatu. Jumapili alipotoka kanisani alimkuta Severina uani. Alikuwa amelifungua ili apike makande. Kwenye ungo palikuwa na kilima cha punje nyeupe.

"Baba Kasian, hizi zimetoka wapi?"

"Mahindi hupandana yakiwa shambani. Upepo."

"Upepo ungezitia mojamoja, gunia zima," Severina alisema. "Hizi zilikuwa zimelala pamoja, katikati." Alimtazama mpaka Edmund akaangalia kuku. "Ni za Bwana Yunusu. Mpelekee."

"Nitamwambia nini?"

"Kama huna la kumwambia, nitampelekea mimi."

Alikuwa ameshasimama, anajifunga kanga. Akilini Edmund alimwona mlangoni kwa Yunusu, akaisikia ile "karibu shemeji", akamwona mkewe akisimulia na yule mtu akiitikia kwa upole. Hapana. Bora afe. Akamnyang'anya ungo.

Yunusu alimfungulia akiwa amevaa msuli na fulana. Edmund alisema yote akiwa amesimama, haraka, kama anayetema. Yunusu alizitazama zile punje, akachukua chache mkononi.

"Ulizitoa kwenye gunia la bondeni?"

"Ndiyo."

"Ukazitia kwenye la zizini." Alifikiri kidogo. "Kaka Edmund, hukunisikiliza siku ile. La bondeni tayari lilikuwa jepesi kuliko yote, na lako tayari lilikuwa zito kuliko yote. Hata ungelimimina lote, namba zingebaki zile zile. Hukunipunguzia kitu, wala hukujiongezea kitu."

Edmund alimnyoshea ungo, Yunusu hakuupokea.

"Kesho asubuhi Meneja anatia saini barua yako ya Ilula," Yunusu alisema. "Siwezi kukaa kimya, niliyekusemea ni mimi. Utamwambia wewe, au nimwambie?"

Alilisema hilo taratibu, bila kukunja uso, sauti yake haikupanda hata kidogo. Na Edmund, amesimama pale na ungo mikononi, anaiona Ilula ikimponyoka, bado alimwonea wivu kwa sauti ile.

"Nitamwambia mimi," alisema.