Moshi wa Sebuleni

Wapo watafiti ambao kazi zao husomwa na wenzao wawili watatu, na mmoja wao ni yule aliyelazimishwa kuzihakiki. Mtafiti wetu hakuwa wa kundi hilo. Makala yake kuhusu moshi wa jikoni ilisomwa mpaka na watu wasiojua kupika. Ilinukuliwa kwenye vikao, ikabishaniwa redioni, ikatafsiriwa kwa lugha ambazo mwenyewe hazijui. Ilisema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: kwamba majiko mapya yanayogawiwa kina mama ili wasivute moshi hayapunguzi moshi kwa kiasi cha maana. Nyumba zilizopewa jiko jipya zilipimwa, na zile zilizobaki na mafiga zikapimwa, na vipimo vikawa karibu sawa. Vyote vilikuwa vya chini.

Matokeo ya kushangaza yana utamu wake. Angegundua kwamba moshi unakohoza, nani angemsikiliza? Lakini kwa kusema kinyume chake, na kwa kusema akiwa na takwimu mkononi, alialikwa kila mahali. Kichwa hakikumvimba sana, tumpe haki yake. Kilivimba kidogo tu, kama cha mtu yeyote anayepigiwa makofi mara kwa mara.

Utafiti wenyewe ulifanyika katika mitaa ile ile alikokulia. Kila nyumba iliachiwa kipima-moshi, kijisanduku cha ukubwa wa kipande cha sabuni, chenye taa ndogo na kioo cha kuonyesha namba. Kilitakiwa kining'inie kwenye msumari jikoni, karibu na moto, tangu asubuhi mpaka asubuhi ya pili, na zoezi hilo lilirudiwa mara kadhaa. Wasaidizi wake walikipeleka, wasaidizi wake walikirudisha. Mtafiti mwenyewe alikatazwa kukanyaga huko wakati wa kupima, kwa sababu Mama Mkubwa, dada wa marehemu mama yake na ndiye aliyemlea, alikuwa anaishi hapo hapo. Tena kina mama walimchagua Mama Mkubwa kuwa kiongozi wao katika utafiti. Utaratibu wa kisayansi ulisema ndugu wasikutane mpaka kazi iishe, na Mtafiti aliufuata kwa uaminifu.

Sasa kamati ya afya ilikuwa inakaa kuamua kama mradi wa majiko uendelee au ufungwe. Kila mtu alijua utafungwa. Mtafiti angesimama, aseme maneno yake, wapige kura, waende kula. Mama Mkubwa naye alialikwa akae viti vya mbele, kwa niaba ya kina mama walioshiriki.

Siku moja kabla ya kikao Mtafiti alikwenda kumsalimu. Alikuwa pia na shida yake ndogo: alitaka picha ya kipima-moshi kikiwa kwenye msumari, sufuria ikichemka pembeni, ili aionyeshe kamati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Huko kwenu mnasoma tu, hamli?"

"Tunakula, mama."

"Mnakula karatasi. Pita."

Jiko lilikuwa kibanda nyuma ya nyumba. Kuta zilikuwa nyeusi, bati lilikuwa jeusi, na hata utando wa buibui kwenye pembe ulikuwa mweusi. Mtafiti alipoingia macho yalimwasha, kifua kikambana, akakohoa. Wazo dogo lilimpita kichwani, kwamba kwa mujibu wa vipimo vyake jiko hili halikupaswa kuwa hivi. Akalifukuza. Labda leo kuni ni mbichi, alijiambia.

Alitoa kipima-moshi mkobani, akakiwasha, akakining'iniza kwenye msumari. Alikuwa anarudi nyuma apate picha nzuri, Mama Mkubwa akampita, akakichomoa.

"Toa hapa. Unataka kukichafua? Kifaa cha watu hiki."

"Mama, ndiyo mahali pake. Kinakaa hapo."

"Kinakaa hapo wakija wenyewe. Kwani sisi hatuna akili?"

Akakipangusa kwa upindo wa nguo yake, akavuka nacho ua, akaingia sebuleni. Mtafiti alimfuata. Sebuleni kulikuwa safi, mlango wa nyuma umefungwa, pazia limeshushwa. Mama Mkubwa alifungua kabati la vioo, akakifunga kijisanduku kwa kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe, akakiweka kati ya bilauri za wageni na picha ya Mtafiti ya siku ya kuhitimu. Kisha akafunga kabati na kusimama kando, kama fundi anayesubiri kusifiwa.

"Umeona? Kinalala hapa salama. Asubuhi, kabla vijana wako hawajafika, tunakirudisha kwenye msumari. Waulize kama kuna siku walikikuta na masizi."

Mtafiti alijua kwamba hawakukikuta na masizi. Aliwahi hata kuwasifu wasaidizi wake kwa jinsi vifaa vilivyorudi vikiwa safi.

"Mama," alisema taratibu, "ulikuwa unafanya hivi kila mara?"

"Kila mara."

"Na wengine?"

"Wengine mwanzoni walitaka kukiacha tu kwenye moshi, watu wasiojali. Nikawapitia nyumba kwa nyumba. Nikawaambia, hiki ni cha mwanangu, kikiharibika atakayeulizwa ni yeye. Wakaelewa. Hata wenye majiko mapya wakaelewa. Asiye na kabati alikitia chini ya mto."

Mtafiti akakaa kwenye kochi. Utafiti mzima, nyumba zote, zenye majiko mapya na zenye mafiga, vifaa vilipima kitu kimoja. Vilipima hewa ya sebuleni na chini ya mito ya kulalia. Ndiyo maana vipimo vilikuwa sawa. Ndiyo maana vyote vilikuwa vya chini.

Kwanza alipandwa na hasira, na hasira hiyo ilimwelekea huyu mama aliyesimama mbele yake akingoja sifa. Kisha akakumbuka maelezo waliyosomewa kina mama siku ya kwanza. Aliyaandika yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Kifaa hiki ni cha gharama kubwa, yalisema, kisilowe, kisichafuke, kitunzwe kama mboni ya jicho. Na mstari uliofuata: kining'inizwe karibu na moto. Mtu mwenye akili timamu akiambiwa asikichafue kitu, halafu aambiwe akitie kwenye masizi, atafanyaje? Atachagua moja. Na katika nyumba hizi kitu cha kuazima hutunzwa kuliko cha mwenyewe, kila mtu alijua hilo, na Mtafiti alilijua kabla hajajua kusoma.

"Mbona umenyamaza?" Mama Mkubwa aliuliza.

"Hamna kitu, mama."

"Nimeharibu?"

"Hapana."

"Haya," alisema Mama Mkubwa, kwa sauti ya mtu ambaye hajaamini.

Mtafiti alikitoa kifaa kabatini, akakirudisha jikoni, akakining'iniza na kukaa pembeni yake kwenye kigoda. Safari hii Mama Mkubwa hakukigusa. Alichochea moto, akapuliza, akakohoa, akapuliza tena. Namba kwenye kioo zilipanda, zikapanda, zikapita kila namba iliyomo kwenye ile makala. Baadaye taa ikawa nyekundu na kioo kikaacha kuonyesha kitu chochote. Moshi ulikuwa umezidi uwezo wa kifaa.

Alitoka nje, akampigia simu Profesa, mkuu wake wa kazi, ambaye jina lake lilikuwa pamoja na lake kwenye makala.

Profesa alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. "Nyumba moja si utafiti," alisema. "Wewe mwenyewe ndivyo unavyowafundisha wanafunzi."

"Na nyumba zote zikipimwa sebuleni, huo ni utafiti?"

Profesa alivuta pumzi. "Sikwambii ufiche. Nasema tupime upya kwanza, tupate uhakika, tuiondoe makala kwa utaratibu wake. Kesho sema kwa ufupi, ukae chini."

"Kesho wanafunga mradi."

"Mradi ukifungwa hufunguliwa. Lakini jina la mtafiti likiharibika, unajua mwenyewe. Hutapewa kupima hata joto la maji ya kuoga. Halafu fikiria na huyo mama yako. Utasimama mbele ya watu useme nini? Kwamba aliyevuruga kila kitu ni yeye?"

Hapo ndipo alipomgusa. Jina lake Mtafiti angeweza kulitoa kafara, lingemuuma lakini angelitoa. Mama Mkubwa alikuwa jambo lingine. Kina mama wa mitaa ile walimwita kiongozi, na kesho wangesikia kwamba kiongozi wao ndiye aliyesababisha nusura mradi wa majiko yao ufungwe.

Alirudi ndani. "Mama, kesho usijisumbue kuja. Kikao ni kirefu, utachoka bure."

"Nimeshashona nguo," alisema Mama Mkubwa, na hilo likaisha.

Ukumbi wa kamati ulikuwa na viti vya plastiki na kiyoyozi kilichokuwa kinadondosha maji kwenye ndoo. Mama Mkubwa alikaa mstari wa mbele na nguo yake mpya, mkoba mapajani, akiwapungia mkono wenzake wawili waliokaa nyuma. Mwenyekiti, mzee mwenye miwani aliyoivaa kwenye paji la uso zaidi kuliko machoni, alimkaribisha Mtafiti kwa maneno mazuri. Watu wakapiga makofi. Mama Mkubwa alipiga kuliko wote, na alikuwa wa mwisho kuacha.

Mtafiti alishika maikrofoni. Usiku alikuwa ameandaa hotuba mbili, ya kweli na ya ufupi, na mpaka anapanda jukwaani hakuwa amekata shauri. Kisha Mama Mkubwa alikohoa, kikohozi kile cha kila siku, akajiziba mdomo kwa kitambaa ili asimharibie mwanawe hotuba.

"Makala yangu ina kosa," alisema Mtafiti. "Vipimo vile si vya jikoni. Ni vya sebuleni."

Alieleza kwa maneno mepesi. Alisema kina mama waliambiwa wasikichafue kifaa na waliambiwa wakiweke kwenye moto, na kwamba aliyewapa amri hizo mbili zisizokaa chungu kimoja ni yeye. Aliomba kamati isifunge mradi kwa kutumia makala yake, kwa sababu ndani ya makala hiyo hamna moshi wa mtu yeyote. Profesa, aliyekaa pembeni, aliinamisha kichwa.

Mjumbe mmoja aliinua mkono. "Yaani kina mama waliwadanganya?"

"Hapana. Walikitunza kifaa."

"Wote, kwa namna moja? Lazima kuna mtu aliyewaelekeza."

"Maelezo yalikuwa yangu. Kosa ni langu."

"Hilo tumelisikia. Nauliza nani alipita kuwaambia wakiondoe jikoni."

Mtafiti aliyakodolea macho yale maji yanayodondoka kwenye ndoo, maana angetazama mbele tu, macho yake yangemtaja.

"Ni mimi," alisema Mama Mkubwa.

Alikuwa ameshasimama. Hakupewa maikrofoni na hakuihitaji. Mwenyekiti aliishusha miwani machoni, akamuuliza kwa adabu, "Kwa nini, mama?"

"Nilikionea huruma."

Watu kadhaa walicheka. Aliwangoja wamalize.

"Ni kitu kidogo kile, kina kioo chake, kina taa yake. Moshi wa jikoni kwangu umeshatoboa bati. Nikasema, hiki kikilala humu kitakufa. Na ni cha watu, kina mwenyewe. Kesho atakuja kukidai, nitamwambia nini?"

"Na wewe mwenyewe, mama? Si humo humo unakaa kila siku?" aliuliza Mwenyekiti.

Mama Mkubwa alimtazama kama vile hakulielewa swali vizuri. "Mimi nikiharibika," alisema, "nani atakuja kunidai?"

Hakulisema kwa uchungu. Aliuliza tu, kama anavyouliza mtu bei, na akabaki amesimama na mkoba wake akingoja ajibiwe. Waliocheka mwanzo walikuwa wanatazama sakafu. Mwenyekiti aliivuta karatasi ya uamuzi, ambayo ilikuwa imeshapigwa chapa tayari, akaikunja mara mbili na kuitia mfukoni.

Mtafiti alikuwa bado ameishika maikrofoni, na machozi yanamtoka bila kuyafuta.

"Mimi, mama," alisema, na sauti yake ikasikika mpaka viti vya nyuma.