Ubeti Ambao Nuhu Hakuujua

Mwasiti alipomaliza eda, Fabiano alimwita studio asikilize albamu ya marehemu mumewe kabla haijatoka. Nuhu alikuwa ameimba nyimbo zake ufukweni Magara, mbele ya umati, na Fabiano akamrekodi. Haukupita muda, homa ikamchukua.

Mchana huo joto la Rumonge lilikuwa limenyamazisha hata barabara. Nyimbo zilipita mojamoja na makofi yake, Mwasiti akitabasamu huku anajifuta machozi. Kisha gitaa likaanza taratibu, na kelele za watu zikakatika ghafla.

"Huu pia aliuimba?" Mwasiti aliuliza. "Aliuacha na ubeti mmoja. Hakuumaliza."

"Iko mbili, shemeji. Sikiliza."

Ubeti wa kwanza ukapita. Sauti ya Nuhu ikaendelea:

*Shati lako bado liko kambani,*
*mvua imelilowesha, sijalianua.*

Maneno hayo aliyatunga Mwasiti mwenyewe, ndani ya eda, akilitazama shati la Nuhu uani. Hakuyaandika, hakumwimbia mtu. Aliyaimba moyoni tu, na mume alikuwa ameshazikwa.

"Hii ulirekodi lini?"

"Siku ileile ya Magara. Sikugusa kitu."

"Na watu waliusikia?"

Fabiano akajikuna shingo. "Niliuliza wapiga ngoma. Wanasema wimbo huu hawaukumbuki."

Gitaa likazunguka, likiandaa njia ya ubeti mwingine. Nuhu akasikika akivuta pumzi, karibu kabisa na maikrofoni.

"Zima," Mwasiti alisema.

Fabiano akazima. "Iko wa tatu," alisema polepole.

"Huo bado sijautunga."

Mwasiti aliangalia spika kama mtu anayeangalia mlango uliogongwa.

"Unasemaje, huo wa tatu?"

"Unataka nikuambie kweli, shemeji?"

Mwasiti aliwafikiria wanawe, waliokuwa shuleni saa hiyo.

"Hapana. Ukate."

Albamu ilitoka, na sasa inapigwa madukani mpaka Gitaza. Wimbo ule unaishia ubeti wa pili, na watu wanasema ndio mtamu kuliko zote. Mwasiti akiusikia sokoni huharakisha mwendo. Lakini kinachomnyima usingizi ni Fabiano. Kila wakikutana njiani husimama, humuuliza hali ya watoto mmoja baada ya mwingine, halafu humpa pole, bila kusema pole ya nini.