Nusu ya Mwalimu

Tangu tuoane, mimi na mume wangu hatujawahi kumeza kidonge kizima. Akiumwa kichwa yeye, anakivunja, nusu yake, nusu yangu, hata kama mimi mzima wa afya. Wenzetu walipeana zawadi, sisi tulipeana vidonge. Msinicheke, ndivyo mapenzi yetu yalivyokuwa.

Sasa anaishi kwenye makao ya wazee, maana mgongo wangu hauwezi tena kumwinua, na kila mchana naenda kumwona. Kila mchana namkuta meza moja na mjane mmoja, mwalimu mstaafu, kilemba kimemkaa sawasawa, wanacheka. Mimi nikifika kicheko kinakatika. "Karibu, dada," mume wangu ananiambia. Dada, mimi niliyemzalia watoto. Nikajua amenuna kwa kuwa nilimleta huku, basi na mimi nikanuna. Huyo Mwalimu nilimchukia kuanzia kisigino mpaka kilemba.

Hapo ndipo makao yalipopata mfamasia, binti mpole aliyepita kitanda kwa kitanda akikagua nani anakunywa dawa gani na kwa nini. Akaniita pembeni.

"Mama, presha ya mzee haishuki, na dawa anapewa kila asubuhi. Ikiendelea hivi anaweza kupooza. Nataka kumwomba daktari amwongezee."

Nyuma yake Mwalimu alikuwa na plasta kwenye paji la uso. Alikuwa ameanguka tena akitoka kitandani. Huruma sikumwonea hata chembe.

Kesho yake nikaenda asubuhi, nimwahi mume wangu kabla huyo mama hajamganda. Nilipofika mlango wa ukumbi wa chakula, muuguzi alikuwa anawawekea vidonge kwenye vikombe vidogo. Akageuka kumhudumia mzee mwingine. Mume wangu akachukua kidonge chake, akakivunja kwa kucha, nusu akatia kinywani, nusu akamwekea Mwalimu kiganjani. Akamkunja vidole, taratibu. Mwalimu akameza, akatabasamu.

Damu ikanichemka. Nilifoka mpaka mpishi akatoka jikoni. Habari ya presha sikuitaja. Nilisema mume wangu ananisaliti kweupe, anamgawia mwanamke mwingine nusu ya kidonge chake, tena asubuhi asubuhi, na chai hajanywa.

Mfamasia akaja mbio, akasikia, akashika kichwa. "Mama, umewaokoa wote wawili. Mzee anapata nusu ya dawa yake. Mwalimu presha yake iko chini, na anakunywa dawa isiyo yake. Ndiyo maana anaanguka."

Akaagiza kuanzia hapo muuguzi asibanduke mpaka kila mtu ameze mbele yake, na Mwalimu ahamishiwe ukumbi wa pili. Watu wakanisifu kwa kuwa macho. Nilipokea sifa, lakini nilichofurahia ni kumwona yule mama akiondoka na fimbo yake.

Tulipobaki wawili nikamkabili mume wangu. "Kwa nini umpe yeye?"

"Nimpe nani tena?" alisema kwa upole. "Yule ni mke wangu, dada. Ndivyo tulivyozoea."

Nikamwambia mke wake ni mimi. Nikamtajia watoto wetu, nikamtajia nyumba yetu. Alinisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mgeni aliyekosea mlango, halafu akaanza kuangaza macho ukumbini.

"Wamempeleka wapi? Nimemkosea nini?" Machozi yakamtoka, mtu mzima, mbele za watu.

Nilijikaza kisabuni, nikamfuata mfamasia. Nikamwambia Mwalimu arudishwe. Muuguzi awasimamie mpaka wameze, hata akae katikati yao akitaka, lakini meza iwe moja.

"Una hakika, mama?"

"Usiniulize mara mbili, nitabadili mawazo."

Mwalimu akarudishwa. Mume wangu akafuta uso, akamvutia kiti, akamwita kwa jina langu. Na yule mama akaitika.