Ufa wa Mgongoni

Zamda alikuwa anatafuta picha ya kuweka kwenye staitasi ya WhatsApp alipouona ule mstari.

Alikuwa peke yake kwenye karakana yake ya pinde pale Ipuli, Alhamisi, saa mbili asubuhi. Jumanne alikuwa amepiga picha tatu za upinde wa mteja wake, Emilian, kabla mwenyewe hajaja kuuchukua. Mbili zilionyesha kazi aliyoifanya: ufa mrefu kwenye tumbo la upinde, upande unaomwelekea mpigaji. Ulikuwa umefuata nyuzi za mti, ufa wa kawaida wa mti uliokauka. Aliujaza gundi, akaubana siku nzima, kisha akauzungushia kano za ng'ombe zilizolowekwa. Ufa wa namna hiyo hauna madhara.

Picha ya tatu ilikuwa ya mgongo wa upinde, na aliikuza bila sababu maalumu. Pembeni kidogo ya zile kano kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Akafuta kioo cha simu kwa pindo la kanga, lakini mstari ukabaki palepale. Haukufuata nyuzi za mti. Ulizikata, na mwishoni mwake kibanzi kidogo kilikuwa kimeanza kunyanyuka.

Upinde unapovutwa, mgongo ndio unaobeba kazi yote. Ukiwa na ufa wa kukatisha, utavunjika, na utavunjika wakati umevutwa hadi shavuni, vipande viko mbele ya macho. Baba yake, Mzee Majidi, alipoteza jicho la kulia hivyohivyo. Zamda alikuwa na miaka tisa, na ndiye aliyemshika mkono nyuma ya pikapu hadi hospitali.

Akampigia Emilian. Hapatikani. Akampigia mke wake, Nyamizi, kule Ipole.

"Ameshaingia porini tangu jana, dada," Nyamizi akasema. "Leo ndiyo anapandisha mizinga. Huko hakuna mtandao. Kuna nini?"

"Ule upinde asiuvute. Una ufa."

"Si ndio ulioutengeneza?"

"Mwingine."

"Njoo," Nyamizi akasema.

Emilian hakuwa mwindaji. Alikuwa mfuga nyuki, na goti lake lilikuwa bovu, hawezi kupanda miti. Alikuwa akifunga uzi wa nailoni kwenye mshale, akiurusha juu ya tawi, kisha kwa uzi huo akipitisha kamba ya kuvutia mzinga. Tawi likiwa juu sana, lazima uvute upinde mpaka mwisho.

Zamda alipata basi la Mpanda saa tatu. Akakaa dirishani, mikono imeshika mkoba uliokuwa na pamba, uzi na chupa ya gundi, vitu alivyovikusanya bila kufikiri. Baada ya Sikonge alianza kukiri nafsini lile jambo alilokuwa analikwepa. Baba yake alimfundisha kwamba upinde hautoki kwa fundi mpaka fundi mwenyewe auvute hadi shavuni mara ishirini, huku akipitisha pamba mgongoni kila baada ya mara tano. Pamba ikinasa, pana ufa. Upinde wa Emilian yeye aliuvuta hadi kifuani tu, mara tatu, amefumba macho. Hakupitisha pamba. Emilian alipokuja, alimwambia, "Upinde uko sawa, kaka."

Pale Ipole, Nyamizi alikuwa amesimama barabarani na bodaboda. Hawakusalimiana vizuri. Zamda alipanda, na kijana wa bodaboda, aliyekwisha kuelekezwa na Nyamizi, akashika njia ya mchanga iliyoingia msitu wa miombo, ile ambayo wenyeji bado wanaiita njia ya wapagazi. Pikipiki iliteleza, ikazama, ikazimika mara mbili. Kila ilipozimika Zamda alisikiliza kama kuna mtu anapiga kelele. Alisikia ndege tu.

Walimwona Emilian kabla yeye hajawaona. Alikuwa amesimama chini ya mti mrefu, miguu imepanuka, uso ameuinua juu, na upinde ulikuwa umeanza kukunjika.

"Kaka Emilian! Usivute!"

Sauti ilimtoka nyembamba. Mkono wa Emilian uliendelea kurudi nyuma. Zamda aliruka kutoka kwenye pikipiki, akaanguka kwa magoti, akapiga kelele tena. Emilian akageuka, akaulegeza upinde polepole.

"Nyoka?" akauliza, akitazama miguuni.

"Upinde! Uweke chini!"

Aliuweka. Zamda alitoa pamba mkobani, akaipitisha mgongoni. Ilinasa palepale, ikaacha nyuzi nyeupe zimesimama.

"Labda gundi tu," Emilian akasema. "Nimeshapandisha mizinga saba kwa upinde huuhuu."

"Tuufunge kwenye mti, tuuvute kwa kamba tukiwa mbali."

Wakaufunga kwenye panda ya mti, wakapitisha kamba kwenye ugwe, uzi wa upinde, wakarudi nyuma hatua kumi na tano. Emilian alivuta. Upinde ukakunjika nusu, ukakaa. Akavuta zaidi, ukakaa. Akamtazama Zamda kwa jicho la mtu aliyepotezewa siku. Kisha akavuta mpaka mwisho.

Mlio ulikuwa kama wa bunduki. Kipande kilipaa kikapiga gome la mti wa jirani, usawa wa uso wa mtu. Kijana wa bodaboda alishika kichwa. Emilian aliketi mchangani, goti lake bovu limenyooka mbele, akapapasa jicho la kulia, kisha la kushoto.

"Uliuvuta kabla ya kunipa?" akauliza.

"Sikuuvuta hadi mwisho."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Ukaogopa wewe, ukanipa mimi."

Waliporudi Ipole, Emilian alikaa na mkewe barazani, na Zamda akasubiri basi peke yake.

Alidhani hatamwona tena. Lakini wiki tatu baadaye Emilian alikuja Ipuli akiwa na Nyamizi, akaleta gogo la mti wa mkole lililokauka vizuri. Zamda alichonga upinde mpya kwa siku nne. Siku ya tano walikuja kukaa kwenye benchi lake, mtu na mkewe, wakamtazama.

Aliuvuta hadi shavuni, macho wazi. Mara ya tano akapitisha pamba. Mara ya kumi, pamba. Mara ya kumi na mbili kitu kikalia *ta*. Aliushusha upinde, akakagua kila inchi. Ugwe ulikuwa unajikalisha tu kwenye ncha. Akaanza upya, moja, mpaka ishirini.

Emilian aliuchukua, akapitisha pamba mwenyewe, polepole, nayo haikunasa. Zamda akaenda nyuma ya karakana, akatapika. Nyamizi alimfuata na kikombe cha maji, akasimama hapo mpaka alipoyanywa yote.